Haradali, figili, alizeti au uwatu? Kuchagua maikrogrini za saladi ya haraka Mombasa

Nikiambiwa niweke sinia moja tu roshanini, nitaweka haradali. Nalisema mapema ili mwenye haraka asisumbuke kusoma mpaka chini. Lakini jibu hilo ni langu mimi, ninayekaa ghorofa ya tatu Tudor, jua likiingia asubuhi tu, na ambaye saladi yangu nyingi huishia kando ya samaki wa kukaanga au pilau. Mwenye watoto wadogo mezani, au asiyependa ukali, jibu lake litakuwa jingine.

Maikrogrini ni miche ya mboga inayokatwa ikiwa bado michanga: majani mawili ya mwanzo yamefunguka, na pengine jani la kweli linaanza kuchungulia katikati. Mbegu humwagwa kwa msongamano, miche ikipanda urefu wa kidole hukatwa kwa mkasi, mizizi ikabaki chini. Haipikwi. Ndiyo maana inafaa saladi ya haraka: tungule mbili, kitunguu, ndimu, konzi ya miche, na dakika 10 hazijaisha umeshakaa kula.

Pojo zilizoota si hadithi hii

Wengi wetu tulizijua pojo (choroko) za kuotesha kabla ya kusikia neno maikrogrini. Unazilowesha usiku, unazifunga kwenye kitambaa kibichi, siku ya tatu zina mikia mieupe. Kwa urahisi na kwa bei hakuna kinachozishinda. Basi kwa nini mtu ajisumbue na sinia na mkasi?

Sababu ni jinsi zinavyoota. Chipukizi huota gizani, katika unyevu mtupu, na huliwa lote, mbegu na mzizi. Mche huota penye mwanga na hewa, na huliwa shina na jani tu. Ikiwa mbegu ilikuja na bakteria, kitambaa chenye joto na maji ndipo mahali pake pa kuzaliana, na joto la Mombasa halihitaji msaada wa mtu. Mwaka 2011 nchini Ujerumani zaidi ya watu 50 walikufa na maelfu wakaugua kwa bakteria wa E. coli. Uchunguzi ulifuata njia ya chakula nyuma kwa nyuma mpaka ukafika kwenye chipukizi za uwatu, mbegu zake zikiwa zimetoka Misri. Uwatu uleule tunaoujua sisi.

Sisemi pojo zitupwe. Zimwagie maji yanayotokota, au zipitishe kwenye kikaango na thomu kidogo, ziwekee ndimu, ni tamu sana. Ila mbichi kabisa si za mjamzito, wala mtoto mdogo, wala mzee, wala mtu ambaye mwili wake umedhoofika kwa maradhi. Miche nayo si malaika: ioshe, ikung'ute maji, na usiiache juu ya meza mchana kutwa.

Haradali na figili: ndugu wawili, tabia mbili

Hizi mbili ni za ukoo mmoja, ukoo wa kabeji na sukuma wiki, na zote ni kali. Lakini ukali wao haufanani. Figili hukupiga mara moja kwenye ncha ya ulimi, halafu huondoka, ukimeza umeshasahau. Haradali huanza polepole, mpaka unadhani haina kitu, kisha hupanda puani. Kwa samaki wa kukaanga mwenye mafuta, huo ukali wa puani ndio ninaoutaka, unakata mafuta kama ndimu inavyokata. Kwa bakuli la tango na maziwa mtindi, figili ni bora, kwa sababu haitawali sahani nzima.

Ukali huo haumo kwenye jani ukiwa umekaa. Hutokea jani linapokatwa au kutafunwa, vitu viwili vilivyotengwa ndani yake vinapokutana. Joto huua kimojawapo. Ndiyo maana ukimwaga haradali juu ya pilau linalofuka moshi unabaki na majani yaliyolegea yasiyo na ladha. Iweke pembeni ya sahani, au ichanganye na kachumbari iliyopoa.

Kwa upande wa kuotesha, figili ndiyo ya mwanafunzi. Mbegu yake ni kubwa, unaiona, unaweza kuipanga kwa vidole. Siku ya pili imepasuka, siku ya sita au ya saba unakata. Shina lake ni nene na linavunjika kwa sauti mdomoni. Haradali huchukua siku saba hadi kumi, mashina yake ni membamba kama uzi, na ukiyanyeshea kwa kopo yanalala yote upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Inataka chupa ya kupuliza, au sinia lenye matundu linalokaa juu ya jingine lenye maji, inywe kutoka chini.

Basi kwa nini nasema haradali? Kwa sababu ya mbegu. Haradali ipo Marikiti kwenye kila duka la viungo, imekaa kwenye gunia karibu na bizari nzima, unapimiwa kiasi unachotaka. Wenye maduka wengine wataielewa haraka zaidi ukiiita rai. Ni mbegu ya kuliwa, haikupakwa dawa. Mbegu ya figili mara nyingi utaipata duka la pembejeo, ndani ya pakiti ya mkulima, na hapo ndipo pa kufungua macho: mbegu nyingi za kupanda hupakwa dawa ya kuua ukungu, na hutiwa rangi ya waridi, buluu au kijani ili mtu asizile. Mkulima anayengoja miezi miwili avune hana neno. Wewe unayekata siku ya saba unakula dawa. Ukiona rangi, acha. Usipoona rangi, soma pakiti, na muulize muuzaji waziwazi kama zimetiwa dawa.

Kipimo nikitumiacho kwa chombo chenye ukubwa wa karatasi ya A4 ni vijiko viwili vya chai vya haradali, au kijiko kimoja kikubwa cha figili kilichojaa. Hakuna kulowesha haradali. Tandaza, puliza maji, funika kwa chombo kingine kilichogeuzwa, subiri siku mbili au tatu mpaka mizizi ishike, halafu toa kwenye mwanga.

Maji ya kisima, na kosa langu la kwanza

Hapa naomba nikawie, maana ndipo Mombasa inapotofautiana na maelezo yote ya mtandaoni yaliyoandikwa na watu wa nchi za baridi.

Mara ya kwanza nilipanda sinia mbili za haradali siku moja, kutoka mfuko mmoja. Maji ya mfereji yalikuwa yamekatika. Moja nikainywesha maji ya kisima cha jengo, nyingine maji ya mtungi wa lita 20 niliyonunua kwa mwenye mkokoteni. Siku ya sita ile ya mtungi ilikuwa zulia. Ile ya kisima ilikuwa na miche mifupi, ncha za majani zimekauka na kugeuka kahawia, na katikati kipara. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, sote tunajua, tunavitumia kufulia na kupigia deki. Mche mchanga hauna nguvu ya kupambana na chumvi. Aina zote nne nilizozitaja zinataka maji baridi, yaani yasiyo chumvi, na kwa bahati nzuri ni kidogo: chupa moja ya lita inatosha sinia kwa siku kadhaa.

Chumvi nyingine hujificha mahali usipopatarajia. Badala ya udongo natumia vumbi la makumbi ya nazi, lile linalobaki makumbi yakichambuliwa kamba. Ni jepesi, linashika maji, halina mbegu za magugu, na pwani hii haitakosa nazi. Lakini vumbi hilo huja na chumvi yake. Lioshe, likamue, lioshe tena mpaka maji yatoke bila rangi ya chai.

Na unyevu. Kaskazi inapovuma, Januari hadi Machi, mchana hufika nyuzi 32 au 33 na usiku haupoi. Mbegu huota kwa kasi ya ajabu, na ukungu nao huota. Niliwahi kunyunyiza maji usiku, nikafunika, nikaenda kulala. Asubuhi ya pili sinia lilinuka kama kitambaa cha deki. Tangu hapo nanyunyiza asubuhi tu, na kifuniko nakiachia mwanya. Wakati wa kusi, upepo wenyewe hukufanyia kazi nusu.

Kuna jambo linalowatisha wageni wa mambo haya. Siku ya tatu utaona manyoya meupe kwenye mizizi ya figili ukadhani ni ukungu. Puliza maji. Yakilala na kupotea, ni vinyweleo vya mizizi, mmea uko salama. Ukungu wenyewe haupotei kwa maji, husambaa kama utando wa buibui kutoka mche hadi mche, na una harufu. Huo tupa, sinia zima, usijaribu kuokoa pembe moja.

Alizeti na uwatu: mmoja wa watoto, mwingine wa watu wazima

Ukikataa ukali, alizeti ndiyo yako. Mche wake ni mnene, una maji, ladha yake ni kama karanga mbichi zilizong'olewa sasa hivi. Mtoto anayekataa mboga zote hula alizeti mkononi kama bisi. Kwenye saladi haishindani na kitu, inajaza tu, na kwa sababu majani yake ni mazito haisinyai upesi ndimu ikiigusa. Kati ya zote nne, hii pekee ndiyo inayoweza kuwa saladi yenyewe, si kiungo cha kunyunyizia juu.

Bei ya utamu huo ni kazi. Mbegu unahitaji zile zenye maganda meusi, ambazo hazikukaangwa wala kutiwa chumvi. Zilizomenywa za kutafuna hazifai. Unazilowesha kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, unazitandaza, unaziwekea uzito juu, tofali au chungu, ili mizizi ilazimike kwenda chini na maganda yalegee. Siku ya kumi hivi unakata, na hata hapo maganda mengine yameng'ang'ania vichwani kama kofia, unayatoa moja moja. Tena usichelewe: likishatoka jani la kweli, lile lenye vinyweleo, utamu unageuka uchungu. Na mbegu zinakwenda nyingi. Chombo kilekile kinachotosheka na vijiko viwili vya haradali kinataka karibu gramu 50 za alizeti.

Uwatu ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Mbegu ni rahisi, ziko Marikiti, zinaota hata kwa mtu mzembe, siku saba hadi kumi basi. Zinakubali kuloweshwa, ingawa maji yake huwa ya utelezi na lazima yabadilishwe. Lakini ladha! Harufu ni ileile ya uwatu tunaoujua kwa mzazi aliyejifungua, na nyuma yake uchungu mwembamba unaobaki kooni. Mara ya kwanza nilimpelekea shangazi bakuli la tungule na miche ya uwatu. Akatafuna, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hii dawa au chakula?" Nusu saa baadaye bakuli lilikuwa tupu, maana aliongeza embe bichi iliyokunwa na pilipili. Alikuwa sahihi. Uwatu peke yake ni mchungu, ukipewa tindikali na ukali unakuwa mtamu kuliko haradali. Usiuweke kwa wingi, robo konzi inatosha watu wawili. Anayemeza dawa za kisukari azungumze kwanza na daktari wake, kwa kuwa uwatu nao huteremsha sukari.

Walioshindwa, kwa ufupi

Dania, au kotimiri, ingetarajiwa kuwa ya kwanza katika mji huu. Kama mche haifai haraka yoyote: wiki mbili hadi tatu, mbegu yake ni kweli mbegu mbili ndani ya ganda moja na inataka kupasuliwa kwanza, na joto letu linaichukiza. Fungu la dania lililokomaa sokoni ni la bei ndogo na lina harufu zaidi. Linunue.

Mchicha ni mzuri kwa macho, hasa ule wa rangi ya zambarau, ila mbegu zake ni kama vumbi na ladha yake ni ya udongo kidogo. Njegere nazipenda lakini zinakula nafasi.

Na kuna ambayo haifai kabisa, hata mbegu zikiwa bure: tungule, biringani, pilipili na viazi. Miche ya ukoo huo ina sumu. Usidanganyike kwa kuwa tunda lake lipo kwenye saladi hiyohiyo. Maharagwe pia yasiliwe mabichi kwa sura yoyote.

Je, zina faida kuliko mboga iliyokomaa?

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland na wa wizara ya kilimo ya Marekani walipima aina 25. Nyingi zilikuwa na vitamini kwa kiwango cha juu kuliko majani yaliyokomaa ya mmea uleule, zingine mara kadhaa. Kabeji nyekundu iliongoza kwa vitamini C, dania kwa karotenoidi (rangi za njano na nyekundu za mimea), mchicha mwekundu kwa vitamini K, na figili ya kijani kwa vitamini E.

Ninapenda matokeo hayo, lakini nayasoma na mizani mkononi. Hesabu hizo ni za gramu kwa gramu. Sahani ya mchicha wa nazi ni gramu mia mbili. Konzi ya miche ni ishirini au thelathini. Anayeacha mchicha ili ale maikrogrini amepata hasara. Anayeziongeza juu ya kachumbari aliyokuwa akiila siku zote amepata kitu. Na mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda ya warfarini asianze ghafla kula majani mabichi mengi kila siku bila kumwambia daktari, kwa sababu ya hiyo vitamini K.

Kununua au kuotesha

Ukizikuta supamaketi ndani ya kikasha cha plastiki, angalia chini ya kikasha kabla ya bei. Kukiwa na maji yaliyokusanyika, au shina lililogeuka kama kioo, siku zake zimeisha hata tarehe ikisema bado. Zilizokatwa hudumu siku nne au tano ndani ya friji, na njia ya kutoka friji la duka hadi nyumbani, ndani ya matatu saa saba mchana, inakula moja kati ya hizo. Anayealika wageni mara moja kwa mwezi anunue. Anayekula saladi mara tatu kwa wiki aoteshe, sinia mbili zikipishana siku nne, hata moja ikikatwa nyingine iko nusu.

Bakuli tatu, na mche wake

Kwa pilau na biriani: kachumbari ya kawaida. Vitunguu vikatwe vyembamba, visuguliwe chumvi, vikamuliwe na kuoshwa, tungule zitolewe maji yake ya ndani, pilipili, ndimu. Weka kando. Sinia la pilau linapofika mezani, hapo ndipo unapochanganya konzi ya figili au haradali. Si kabla. Nilipima kwa saa ya jikoni: haradali iliyochanganywa na chumvi na ndimu ilikuwa imelala baada ya dakika sita, figili ilivumilia kumi na mbili, alizeti ilifika nusu saa ikiwa bado imesimama. Kwa futari, ambapo chakula hupangwa mapema na watu hungojea adhana, alizeti ndiyo pekee ninayoiamini.

Kwa samaki: embe bichi iliyokunwa kwenye tundu kubwa la kikunio, kitunguu chekundu kidogo, pilipili ya kijani, chumvi, na robo konzi ya uwatu pamoja na konzi ya haradali. Ndimu haihitajiki, embe ina yake. Hii ndiyo saladi ninayoitengeneza mara nyingi kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya niwe na sinia mbili.

Kwa mchana wa joto ambao hutaki kuwasha jiko: tango lililomenywa, parachichi lililoiva sawasawa, alizeti tele, ndimu, chumvi, na nazi iliyokunwa kwa mbuzi kama vijiko viwili, mbichi, bila kukamuliwa. Nazi ikiwa mbata usijaribu. Watoto hula hii bila kubembelezwa.

Ukishakata, haradali, figili, uwatu na alizeti hazichipui tena. Zulia la mizizi lililobaki mimi nalibandua zima, nalivunja vipande, nalitia kwenye chungu cha mrihani kilicho pembeni ya mlango wa roshani. Njegere ndiyo pekee inayorudi ukikata juu ya kifundo cha kwanza, na ya pili huwa nyembamba kuliko ya kwanza, lakini huwa.